Tiyo Nyeupe ya Baba Mukwe

Muache kwanza kile muko nafanya, munisikilize. Hii maneno hamutaiamini. Hata miye mwenye niliiona na macho yangu, kuko asubuhi ninaamka ninajiuliza kama ilipita kweli. Mutu anaweza kukwamisha ndoa juu ya tiyo ya mayi? Ile tiyo ya plastiki nyeupe, ile munaonaka inatoka ku chini inaenda ku robinet? Ndiyo, anaweza! Hapa hapa Nchelenge. Na mayi haikuwa hata ndani.

Bon. Miye ni Cadette. Ninauzisha talktime ya simu mbele ya kazi ya yaya yangu, kaka yangu mukubwa Gustave, pa barabara ya kwenda Chienge. Yaya ni kwado: anabandika pine za mutuka na pikipiki, anazijaza upepo. Tulitoka Congo, mama yetu iko bado Mantapala, analima mihogo yake kule mu kambi ya wakimbizi, na siye tulishuka huku ku ziwa kutafuta maisha.

Sasa yaya akapenda Mapalo. Mapalo ni Mubemba wa hapa, mutoto ya Ba Chisanga. Na Ba Chisanga, kama unaishi Nchelenge, unamujua. Robinet mingi unakunywa mayi yake, ni yeye alichimba, ni yeye alipitisha tiyo. Hakusomea, lakini mikono yake! Kiswahili anasema ile ya kuuzisha samaki ku Kilwa, ngambo ya ziwa, ya kazi tu, lakini ukimusikia unamuelewa.

Mujue kitu kimoja juu ya Babemba na bukwe. Kama ndoa haijaisha kufungwa, mukwe hakaribii. Haingii mu nyumba ya babakwe, hakuli nabo, na mama mukwe akipita kwa njia, mukwe anaenda kando, anaangalia chini. Ukiko na neno ya kubaambia, haulisemi na kinywa yako. Kuko mutu wa kubeba maneno, banamuita shibukombe. Wa kwetu alikuwa Ba Levy. Yeye njo anabeba sahani ya pesa ya kuomba muke, ikibaki kule ni kusema walikubali; anapiga magoti, anapiga mikono polepole, anasema. Na kazi ya shibukombe ni kulainisha. Ukimupa neno kama jiwe, anafika nayo kule imekuwa bukari, ugali laini wa moto.

Sasa tuingie mu tiyo.

Kompresa ya yaya inapiga makelele ya hatari. Inatumika na essence, ile petroli, inatoa moshi, bateja walikuwa wanakohoa, na miye mutu akiniita ku simu sisikii kitu. Yaya akaisukuma kule nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Upepo ikawa inakuja mbele na mupira murefu mweusi unalala tu mu kiwanja. Batu wanajikwaa. Siku moja Ba Chisanga anapita na baiskeli, velo yake, anaona mama mumoja na beseni ya samaki kichwani anajikwaa ku mupira, chisense yote inamwangika chini. Alikohoa tu, akaenda.

Kesho yake asubuhi, tunamuona anakuja. Velo imefungwa matiyo marefu meupe. Ku kiti, babula, lile jiko, na makaa. Musumeno mu mufuko. Yaya akaruka, akaenda kusimama nyuma ya mutuka ya muteja, juu ya heshima.

Ba Chisanga aliniambia miye: "Wee kadada, ambia yule mutu mwenye kujificha, hii ni zawadi. Mutu mwenye ataoa mutoto yangu hawezi kuangushisha bamama mu barabara."

Ile siku yote alitumika yeye peke. Alikuwa anachoma mwisho ya tiyo ku makaa mupaka inakuwa laini kama muchicha, anaingiza ingine ndani, inapoa, inakamata. Hakuna haja ya kununua vya kuungia. Akaipigilia ku ukuta, kutoka nyuma mupaka mbele, sawa na rula. Halafu akaijaza mayi, akasukuma na pompe yake ya mukono kwa nguvu. Hata tone moja haikutoka.

"Soma hapa," akaniambia. Ku tiyo waliandika kumi. "Hii inabeba presha ya kumi. Ile mashini yenu inasimama ku nane. Kati ya kumi na nane, kubwa ni gani?"

"Kumi, tata."

"Eya. Weye ulisoma."

Munaelewa sasa? Baba mukwe, mbele ya ndoa kuisha kufungwa, anakuja na mikono yake kutumika kwako. Kwa Babemba hiyo si tiyo. Hiyo ni kusema: nimekukubali. Usiku—apana, hata jua haikuingia, yaya alikuwa tayari anaimba.

Tiyo ilitumika muzuri. Siku zikapita, pine zinajaa, hakuna mutu anajikwaa, bateja wanasifu. Halafu ikakuja ile saa sita ya jua kali, ile jua inakufanya unatafuta kivuli ya hata kuku. Yaya alikuwa mbele ameinama ku gurudumu ya pikipiki. Miye niko na simu yangu, naangalia video. Tukasikia PAAA!

Sikusema pasuka kama puto, hein. Nilisema PAAA! Nililala chini. Miye mutoto wa kukimbia vita, mwili yangu ilijua yenyewe ya kufanya. Wakati niliinua kichwa, tiyo ya ku ukuta, kipande kirefu cha katikati, haikuwa tena. Ilienda wapi? Ilikuwa vipande vipande kama chupa. Kimoja kiliingia mu mbao ya mulango, kimesimama pale kama kisu. Kingine kilitoboa bidon yetu ya mayi, kikaingia huku, kikatoka kule. Ile bidon ilikuwa pale ninawekaka kiti yangu. Ile siku nilikisogeza juu ya jua.

Yaya aliacha gurudumu, akanikimbilia.

"Cadette, ulikatwa?"

"Apana."

"Jiangalie muzuri!"

"Apana, yaya, niko muzima. Na weye?"

Hakuna mutu alikatwa. Sasa nikafanya ile ninajua kufanya: nikapiga picha, nikatuma kwa mujomba, tonton yetu wa Likasi, mwenye alitumika na makompresa makubwa mu mugodi myaka mingi. Akajibu na audio, hata bonjour hakutoa.

"Banani wajinga waliweka upepo mu tiyo ya mayi? Munisikilize. Mayi haifinyikake. Tiyo ya mayi ikipasuka, inalia kidogo, unalowa, basi. Upepo, weye unaifinya, inajikunja kama ressort ya godoro, inangojea. Siku plastiki inachoka, yote inatoka mara moja na inabeba tiyo nayo. Na plastiki inachoka na jua, inachoka na moto ya kompresa, inachoka na mafuta yenye kompresa inatema ndani. Ile kumi banaandika ni kumi ya mayi, mayi ya baridi! Toa ile kitu. Weka chuma, ao mupira wa upepo. Na batu wasipite pale."

Yaya aliisikiliza, akaisikiliza tena. Nikamuambia: "Tuma kwa Mapalo, yeye aambie baba yake."

"Uko na wazimu? Mapalo abebe neno ya kuharibisha zawadi ya baba yake? Batasema nini? Batasema: yule Mukongomani, tulimupa kitu kizima, akakivunja. Kama tiyo inamushinda, mutoto yetu atamufanya nini?"

Akaita Ba Levy. Hakumuambia kama ilipasuka, haya ilimukamata. Alimuambia tu: enda useme polepole, hii tiyo haifae kwa upepo. Ba Levy akavaa koti yake, akaenda. Miye nilimufuata nyuma mupaka ku lupango ya Ba Chisanga, nikasimama inje, nasikia yote.

Ba Levy anapiga mikono, pa pa pa. "Ba tata, mutoto wenu anasema hii zawadi ni ya heshima kubwa sana. Ni ya heshima mupaka anaona haifae kutumikishwa kila siku na ile mashini ya makelele."

Ba Chisanga akacheka kicheko ya furaha. "Mumuambie atumikishe tu! Asiogope. Ikichakaa, ziko zingine."

Ba Levy akarudi amefurahi. "Maneno imepita muzuri sana," akasema.

Yaya alishika kichwa. Sasa angefanya nini? Akatafuta tiyo ingine nyeupe sawa na ile, akaipigilia ku ukuta mahali ya ile ilipasuka. Tupu! Hakuna kitu ndani. Halafu akanunua mupira wa upepo wa kweli, ule mweusi munene, akachimba chini, akaupitisha kule chini ya udongo, ukatokea nyuma ya mbao, pale pa robinet ya kujazia. Upepo inapita mu mupira. Macho ya batu inapita mu tiyo.

Tulicheka, siwafichi. Tulicheka juu tulidhani maneno imekwisha.

Mais Ba Chisanga akaanza kuja kuangalia tiyo yake! Kila akipita na velo anasimama. Analeta marafiki zake wa ku kanisa. Anaweka mukono ku tiyo. "Mushike hapa. Munasikia vile inatetemeka? Ni upepo ile, inapita." Na inatetemeka kweli, juu ukuta ile na ukuta ya kompresa ni moja. Bale wazee nabo wanaweka mikono, wanasifu: mwandi, ba Chisanga, mwandi! Miye niko nimeuma kitambaa ya kichwa yangu, sipumui.

Sasa mu bale wenye kushika tiyo, alikuwa Ba Kapembwa. Ba Kapembwa anatengenezaka mabwato ya kuvulia samaki ku Kashikishi, pale pa pwani ya ziwa. Alinunua kompresa kubwa kupita yetu, ya kupulizia rangi. Alitafuta namna ya kufikisha upepo mupaka kule mabwato inalala. Akaona tiyo ya kwetu, akamuomba Ba Chisanga amuwekee naye.

Miye sikujua kitu. Nilisikia tu: jumamosi Ba Kapembwa anafungua kazi mupya, batu mingi. Batu mingi ni talktime mingi. Nikaenda.

Nilifika nakuta chakula, chibwantu ya kunywa mu mabidon, batoto banakimbia mu muchanga, mabwato mapya mitatu ao mine yamegeuzwa tumbo juu. Na ku ukuta, ile murefu yenye kutazama ziwa, tiyo nyeupe. Murefu! Sawa na rula. Chini ya tiyo waliweka mabenchi juu kivuli ilikuwa pale. Ku mabenchi, bamama. Na katikati ya bamama, Bana Mapalo, mama ya Mapalo, mama mukwe ya yaya yangu, na mujukuu ku mapaja. Kichwa yake imeegama ku ukuta, pale pale penye tiyo iliungwa na moto ya babula.

Kompresa ikawaka.

Nikakimbia kwa Ba Chisanga, nikapiga magoti. "Ba tata, nawaomba, bamama batoke pale kwanza. Mashini ni kubwa."

Akanicheka, lakini kwa upendo. "Kadada, unaogopa makelele?"

Ba Kapembwa naye: "Mukwe yenu alileta mulinzi wa kike!" Batu wote kicheko.

"Tata, ile tiyo ni ya mayi. Upepo inaweza kuipasua."

Hapo Ba Chisanga akaacha kucheka. Akaniangalia sawa. "Ku kwa yaya yako, si inatumika kila siku? Si miye mwenyewe niliishika? Niambie. Ilipasuka?"

Ndugu zangu. Batu wote banangojea. Kama ninasema ilipasuka, ninamuonyesha yaya kuwa mutu wa uwongo mbele ya bukwe nzima. Hiyo siri haikuwa yangu.

"Unaona," Ba Chisanga akasema, akageuka.

Nikamupigia yaya. "Yaya! Waliweka tiyo ku Kashikishi. Bana Mapalo iko chini yake na mutoto."

"Kompresa iko nawaka?"

"Inawaka!"

"Angalia sindano ya presha."

Nikakimbia kuangalia. "Inapita tatu. Inapanda."

"Mungu wangu. Ba Levy iko pale? Mupe simu. Aseme yeye. Weye usiseme kitu, Cadette, unanisikia? Ba Levy aseme."

Nikamupa Ba Levy simu. Anasikiliza, anatikisa kichwa, ee, ee, nimeelewa. Ananirudishia. Na wapi kukimbia! Anafunga koti. Anaenda mbele ya Ba Chisanga, anapiga magoti, pa pa pa. "Ba tata, mutoto wenu anawasalimia sana. Anafurahi na kazi yenu. Anasema hii tiyo, vile ni kubwa, ingekuwa muzuri kuipumuzisha kidogo..."

Kuipumuzisha! Nikaangalia sindano: inapita ine, inaenda ku tano. Jua iko kichwani. Bana Mapalo anachezesha mujukuu, anamurusha juu, mukono ya mutoto inagusa tiyo, inaacha, inagusa.

Yaya alikuwa bado ku simu. "Cadette? Ba Levy alisema?"

Na njo hapa nilifanya ile nilifanya. Nilifinya loudspeaker. Nikaongeza sauti mupaka mwisho, nikainua simu juu ya kichwa yangu.

"Yaya," nikasema, "niambie tena, ile tiyo ya Ba Chisanga ilifanya nini?"

"Si ulikuwa pale! Ilipasuka kama bombe! Ilitoboa bidon, ilisimama mu mulango! Ile iko sasa ku ukuta ni tupu, upepo inapita mu mupira chini ya udongo, juu sikutaka baba mukwe ajue! Utoe bamama pale, Cadette, watakufa!"

Batu wote wakageukia simu.

Bana Mapalo hakungojea bwana yake. Aliinuka na mujukuu, akasukuma benchi na muguu, bamama wote wakaruka nyuma ya mabwato. Ba Kapembwa akakimbia kuzima. Akafungua kifuniko ya kutolea upepo, ikalia shiiii, murefu, mupaka sindano ikalala.

Na tiyo? Haikupasuka. Ilibaki pale ku ukuta, nyeupe, sawa na rula, kama haijui kitu.

Ba Chisanga hakunitukana. Ingekuwa heri. Alikaa ku benchi, pale pale bamama walitoka, akasema na sauti ya chini: "Nilileta batu ya kanisa. Nilibaambia mushike. Walishika tiyo tupu." Halafu: "Juu ya kupasuka, sina kasirani. Kitu inapasukaka. Mais waliniacha ninaonyesha batu tiyo tupu. Na leo, kama muke yangu angekufa hapa, ningekufa nikisema ku kwa mukwe inatumika."

Yaya alisikia ile yote. Sikukata simu. Nilisahau.

Ba Levy alirudisha kwetu ile sahani ya kuomba muke. Mara hii hakulainisha kitu. Aliiweka pa meza ya vifaa, akasema: "Wanasema mungojee," akaenda. Kungojea nini, hakuna mutu anajua.

Kesho yake Ba Chisanga alifika ku kwado asubuhi na musumeno. Hakusalimia. Alikata ile tiyo tupu kipande kwa kipande, akafunga ku velo. Yaya, safari hii, hakujificha. Alisimama pale, akasema na kinywa yake: "Tata, nisamehe." Ba Chisanga akakaza kamba. "Toa na ule mupira chini ya udongo," akasema, "uuweke juu, batu wauone. Mupira wa upepo haukuwa na haya ya kufichwa." Akapanda velo. Hiyo ni ndiyo ao ni apana? Tunaigeuza kila siku, hatupate jibu.

Mapalo alinipigia. Aliniambia: "Uliokoa mama yangu, Cadette, Mungu akubariki. Mais ungeniita miye kwanza, hata dakika moja." Halafu akalia, na miye nikalia, talktime ikakwisha.

Yaya naye, siku moja alikuwa anabandika pine. Akaniambia: "Ungeniambia hata neno moja. Cadette, niko ku loudspeaker. Neno moja tu."

Nikamuuliza: "Kama ningekuambia, ungesema ilipasuka?"

Aliangalia pine mu mikono yake. Akaizungusha. Akaizungusha tena.

Sasa miye niko nawauliza ninyi. Sindano inapanda ku tano, mama mukwe na mutoto chini ya tiyo, shibukombe iko nalainisha, na siri ni ya yaya yako wa tumbo moja. Simu iko mu mukono. Weye, ungefinya?